Mtu Wenu Akikamatwa, Msimwache Peke Yake

Saa 24 za kwanza, bondi, wakili na miaka ya kwenda kortini: namna familia ya Nairobi inavyoweza kusimama na mshtakiwa bila kuvunja sheria na bila kujifilisi

Baba alikuja Nairobi na hati ya shamba. Ilikuwa Jumapili, Juni 8, 2025. Siku iliyotangulia, mwanawe Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikuwa amekamatwa nyumbani kwao Homa Bay na kuletwa jijini kwa madai ya kuchapisha uongo mtandaoni kumhusu afisa wa ngazi za juu katika polisi. Mzee alijua kwamba mahakama huheshimu ardhi, kwa hivyo alibeba hati hiyo ili imdhamini mwanawe. Alipofika Kituo cha Polisi cha Central, aliambiwa kijana amefariki usiku.

Polisi walisema Ojwang alijigonga kichwa kwenye ukuta wa seli. Upasuaji wa maiti ulionyesha majeraha ya kichwa, kubanwa kwa shingo na majeraha mengine mwilini, na daktari wa serikali akaeleza kwamba haikuelekea kuwa alijiumiza mwenyewe. Baadaye watu 6, wakiwemo maafisa wa polisi, walishtakiwa kwa mauaji. Nao pia sheria iliwahesabu kuwa hawana hatia hadi mahakama iamue vinginevyo, na nao pia wana wazazi, wake na watoto waliolazimika kujifunza ghafla njia ya kwenda kortini.

Mzazi yule alifanya kila ambacho sheria inamtarajia mzazi afanye. Alikuja haraka, kwa mlango wa mbele, stakabadhi mkononi. Aliyekosa wajibu si yeye. Kisa chake kiliwauma wazazi wengi wa jiji hili kwa sababu kila mmoja alijua kwamba angefanya vivyo hivyo, na pia kwa sababu kilifichua ukweli mchungu: saa za mwanzo ndizo za hatari kubwa zaidi, na ndizo saa ambazo familia nyingi hutumia zikikimbizana na M-Pesa, zikimtafuta "mtu anayejua mtu" wa kumaliza mambo.

Makala haya yana neno moja la kusema. Kazi ya familia si kununua uhuru wa mtu wao. Kazi yake ni kuonekana, kuhakikisha kila hatua imeandikwa, na kudai kwa utulivu kila haki ambayo Katiba ya 2010 imeshamwahidi. Familia inayofanya hivyo haihitaji kuwa tajiri.

Mtafuteni, mhakikishe ameandikwa

Aliyekamatwa Kawangware huenda yuko Muthangari. Wa Kangemi huenda yuko Kabete. Wa Yaya au Hurlingham huenda yuko Kilimani, na wa katikati ya jiji huenda yuko Central au Kamukunji. Lakini gari la polisi halifuati ramani ya familia, na wakati wa misako au maandamano mtu anaweza kushushwa kituo ambacho hamkukifikiria. Kwa hivyo msiishie kupiga simu. Nendeni, na mwende wawili: mmoja wa kuongea, mwingine wa kuandika.

Kwenye kaunta ya kituo kuna kitabu kikubwa cha matukio, kile ambacho kila Mkenya hukiita OB. Kila anayeletwa anapaswa kuandikwa humo: jina, saa, sababu ya kukamatwa, na nambari inayoonyesha mpangilio wa siku ile. Nambari hiyo ndiyo uzi wa kwanza wa kesi. Salimieni kwa heshima, kisha ulizeni mambo manne: nambari ya OB, kosa analoshukiwa, jina la afisa mpelelezi, na siku atakayopelekwa mahakamani. Andikeni majibu, pamoja na saa mliyofika na jina la afisa aliyewahudumia. Mtu akiwa ameandikwa kitabuni, kuna anayewajibika. Mtu asiyeandikwa anaweza kukanwa.

Kama ni mgonjwa wa kisukari, kifafa, pumu au presha, mwambieni mkuu wa kituo, OCS, na mwombe jambo hilo liingizwe kitabuni pia. Pelekeni dawa zikiwa katika pakiti yake pamoja na barua ya daktari mkiwa nayo. Mkimwona ana majeraha, semeni papo hapo na mwombe apelekwe hospitalini. Malalamiko dhidi ya polisi hupelekwa kwa IPOA, mamlaka huru iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 kuchunguza utendakazi wao.

Na kama kila kituo kinasema hakimjui, ilhali majirani walimwona akipakiwa garini? Mnaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba amri ya kuwalazimisha wanaomshikilia wamlete mbele ya jaji. Haki hiyo imo kwenye Ibara ya 51, na Ibara ya 25 inasema haiwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote. Katika maandamano ya vijana ya Juni 2024, mawakili wengi, wakiwemo wa Chama cha Mawakili, LSK, walizunguka vituo vya jiji kuwatafuta waliokamatwa na kuwatetea bila malipo. Familia nyingi zilijifunza wakati huo kwamba wakili anayesimama kwenye kaunta saa tano usiku anaweza kubadilisha mazungumzo yote.

Saa 24, na mtego wa Ijumaa

Ibara ya 49 inaamuru kwamba aliyekamatwa afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, na isizidi saa 24. Lakini ibara hiyo hiyo ina kifungu ambacho wengi hawakijui: saa hizo zikiishia nje ya saa za kazi za mahakama au siku ambayo mahakama haikai, muda unasogezwa hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo maana kijana anayekamatwa Kangemi Ijumaa jioni anaweza kuonekana mbele ya hakimu Jumatatu. Wakenya walishalipa jambo hili jina, "Kamata Kamata Friday", kutokana na miaka ambayo washukiwa wa kesi kubwa walikuwa wakikamatwa Ijumaa na kulala ndani wikendi nzima.

Hata hivyo, wikendi si ukuta. Kwa makosa yasiyo mazito, mkuu wa kituo ana mamlaka ya kumwachilia mshukiwa kwa bondi ya polisi, naye akaahidi kufika kituoni au kortini siku fulani. Bondi hiyo haitozwi ada. Anaweza kutakiwa kuwa na mdhamini, au kuweka dhamana ya pesa taslimu, na hapo ni lazima mpewe risiti rasmi yenye jina na kiasi. Pesa isiyo na risiti si dhamana.

Kuna pia kifungu kifupi katika Ibara ya 49 ambacho kingepunguza msongamano wa rumande kama kingekumbukwa kila siku: mtu hapaswi kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi 6. Wapo vijana wanaolala ndani kwa makosa madogo ya mtaani kwa sababu hakuna jamaa aliyesimama kuyataja maneno hayo.

Kunyamaza ni haki yake, na ni nidhamu yenu

Mama anapofika kituoni, neno la kwanza kumtoka huwa, "Mwanangu, sema ukweli tu uachiliwe." Analisema kwa upendo, lakini linaweza kumfunga mtoto wake. Mshukiwa ana haki ya kunyamaza, haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa, na haki ya kuzungumza na wakili. Halazimishwi kukiri chochote. Kwa mujibu wa Sheria ya Ushahidi, maungamo ya kosa hukubaliwa tu yakitolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kinachotajwa na sheria ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, tena mbele ya mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Mtu huyo wa tatu anaweza kuwa wewe, dada yake au mjomba wake. Ukiitwa, nenda. Usimwachie nafasi hiyo mtu asiyemjua.

Neno linalofaa kumwambia ni hili: "Tupo. Umekula? Kuna mahali unaumia? Usitie sahihi usichokielewa. Wakili anakuja." Habari za kosa lenyewe ziachieni chumba cha wakili, kwa sababu kaunta ya polisi ina masikio, na simu inaweza kuwa ushahidi kesho.

Nidhamu hiyo inawahusu jamaa pia. Msifute jumbe, msifiche simu, msifue nguo, msihamishe chochote, kwani kuharibu ushahidi ni kosa jingine ambalo litamtoa mtu wa pili nyumbani. Polisi wakija kupekua nyumba, ombeni kuona kibali, tazameni kila chumba wanachoingia, na someni orodha ya vitu wanavyochukua kabla ya kutia sahihi. Wala msimwage kesi kwenye Facebook au kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Chagueni mtu mmoja wa kuzungumza kwa niaba ya familia. Mume au mke naye ajue kwamba katika makosa mengi sheria haimlazimishi kutoa ushahidi wa upande wa mashtaka dhidi ya mwenzake, japo kuna makosa, yakiwemo ya ngono na yanayowaumiza watoto wao, ambayo kinga hiyo haiyafuniki.

Bei ya "chai"

Hapa ndipo familia nyingi huvunjika. Mtu huja kando, sauti ya chini, akasema faili linaweza kupotea. Sheria ya Hongo ya 2016 inamtia hatiani anayepokea na anayetoa. Lakini hata tukiweka sheria kando kidogo, biashara yenyewe ni mbovu. Uamuzi wa kumshtaki mtu uko kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, DPP, ambaye Ibara ya 157 inampa uhuru wa kuamua. Aliyechukua pesa zenu huenda hana mamlaka juu ya anachowauzia, na akirudi wiki ijayo kutaka nyingine hamna pa kumshtaki.

Haitakuwa haki kudai kwamba anayekataa kuhonga hushinda daima. Teresa Njoroge, aliyekuwa mfanyakazi wa benki Nairobi, amesimulia hadharani jinsi alivyoombwa pesa nyingi ili kesi yake ififie, akakataa. Mwaka 2011 alifungwa mwaka mmoja katika Gereza la Wanawake la Lang'ata akiwa na mtoto mchanga wa miezi 3. Baadaye aliondolewa hatia. Alipotoka, alianzisha shirika la Clean Start, linalowasaidia wanawake na vijana waliopitia magereza kuanza upya. Gharama aliyolipa ni kubwa, na hakuna wa kuipuuza. Lakini alitoka na jina lake, na kwa jina hilo ameweza kuwasemea wengine. Kila familia inayolipa "kitu kidogo" inapandisha bei kwa familia itakayokuja nyuma yake, na mara nyingi itakayokuja nyuma ni maskini zaidi.

Asubuhi ya kusomewa mashtaka

Kwa muda mrefu, kesi nyingi kutoka Kilimani, Kileleshwa, Muthangari na Kabete zimesomwa katika Mahakama ya Kibera. Nyingine, hasa za katikati ya jiji, huenda Milimani, Upper Hill, ambapo mwenye kutoka Kawangware kwa matatu namba 46 anaweza kushuka njiani na kumalizia kwa miguu. Fikeni mapema. Vaeni nguo za heshima. Zimeni simu. Mtafuteni karani au dawati la huduma kwa wateja mjue ni korti namba ngapi na kesi imesajiliwa kwa nambari ipi. Nambari ya kesi iandikeni mahali pasipopotea, kwani kuanzia hapo ndiyo itakayoulizwa kila mahali.

Huenda asishtakiwe siku hiyo. Polisi wanaweza kuomba siku zaidi za kumzuilia ili wakamilishe uchunguzi, na hakimu akazikubali zote, akazipunguza au akazikataa. Wakili anaweza kupinga, na mshukiwa mwenyewe anaweza kuongea. Akishukiwa kwa mauaji, msishtuke kusikia anapelekwa Hospitali ya Mathari: uchunguzi wa akili kabla ya kujibu shtaka hilo ni jambo la kawaida.

Mashtaka yakisomwa, jibu lake ndilo neno zito kuliko yote. Akikana, kesi inaanza. Akikiri, anaweza kutiwa hatiani siku iyo hiyo, na rufaa yake katika hali ya kawaida itahusu ukubwa au uhalali wa adhabu tu, si hatia yenyewe. Wengi hukiri ili warudi nyumbani jioni, wakiambiwa na jirani wa seli kwamba faini itakuwa ndogo. Miaka miwili baadaye wanaomba cheti cha mwenendo mwema, kile cha Sh1,050 kupitia eCitizen, wapate kazi ya ulinzi au safari ya Qatar, na ile asubuhi moja inawarudia. Hakuna jamaa anayepaswa kumsukuma mshtakiwa akiri kabla hajazungumza na wakili. Na asiyeelewa Kiingereza wala Kiswahili ana haki ya mkalimani bila kulipa.

Akiwa mtoto, mambo hubadilika. Sheria ya Watoto ya 2022 inasema aliye chini ya miaka 12 hawajibiki kwa jinai, na wa kati ya 12 na 14 huhesabiwa kuwa hawezi kupambanua jema na baya hadi mahakama iridhike vinginevyo. Hapaswi kuchanganywa na watu wazima, na Katiba inataka kumzuilia kuwe ndiyo hatua ya mwisho kabisa. Pelekeni cheti cha kuzaliwa siku ya kwanza. Karatasi hiyo moja inaweza kumtoa mtoto wa darasa la sita katika seli ya wanaume.

Dhamana: someni karatasi kabla ya kulipa

Kabla ya 2010, aliyeshtakiwa kwa mauaji au wizi wa kimabavu hakuwa na nafasi ya dhamana. Leo kila mshtakiwa ana haki ya kuachiliwa kwa masharti ya haki, isipokuwa upande wa mashtaka uonyeshe sababu nzito: kwamba atatoroka, kwa mfano, au atawaingilia mashahidi.

Hakimu anaweza kutamka, tuseme, "bondi ya Sh200,000 na mdhamini mmoja, au dhamana ya pesa taslimu Sh100,000." Hizi ni njia mbili tofauti. Ya pesa taslimu mnailipa benki au kwa simu kupitia mfumo rasmi wa Mahakama, kamwe si kwa namba ya mtu binafsi. Tazameni jina lililo kwenye risiti. Kesi ikiisha na mshtakiwa akiwa amehudhuria vyema, pesa hurudishwa, na anayerudishiwa ni yule aliyetajwa pale. Familia zimegombana kwa sababu shangazi aliuza ng'ombe, binamu akalipa kwa jina lake, na miaka minne baadaye kila mmoja ana hadithi yake. Andikianeni nyumbani nani alitoa ngapi, na risiti halisi ikae mahali pamoja.

Ya bondi inahitaji mdhamini mwenye mali: hati ya shamba au kitabu cha gari, pamoja na ripoti ya thamani, uthibitisho kwamba mali haina deni wala mgogoro, kitambulisho, PIN ya KRA na picha. Kwa ardhi ya Nairobi, utafutaji wa rekodi za hati hufanywa kwenye mfumo wa Ardhisasa, ulioanza 2021. Mdhamini huhojiwa: unamjuaje huyu, anaishi wapi, unajua kitakachokupata akitoroka? Asijibu kwa kubahatisha, kwa maana kitakachompata ni kuitwa aeleze kwa nini mali yake isichukuliwe. Akiona mshtakiwa anaanza kupotea, anaweza kurudi kortini kuomba aondolewe katika udhamini. Kumdhamini mtu ni kumwekea shingo. Babu asisukumwe atie sahihi asichosomewa.

Masharti yakiwashinda, rudini mbele ya korti iyo hiyo kuomba yapunguzwe, au mwende Mahakama Kuu. Mara nyingine afisa wa probesheni hutumwa mtaani kuandika ripoti. Atauliza kwa chifu, kwa majirani, kwa mwenye nyumba. Mkaribisheni, mwambieni ukweli. Hakimu anataka kujua kama mtu huyu ana makao na watu wa kumrudisha kortini, na hakuna wanaoweza kulijibu swali hilo kama nyinyi.

Wakili ni wa mshtakiwa, si wa mlipaji

Nje ya mahakama hakukosekani watu wenye suti na faili kwapani wanaojitolea "kuisukuma" kesi. Kabla ya kumpa mtu senti moja, tafuteni jina lake kwenye tovuti ya LSK mwone kama ana cheti cha kuhudumu cha mwaka huu. Cheti hicho huisha kila Desemba 31. Kubalianeni ada kwa maandishi: inagharimia dhamana pekee, au kesi nzima hadi hukumu? Ombeni risiti ya kila malipo.

Jambo moja huwaudhi wanaolipa, lakini lazima lisemwe. Wakili anamtumikia mshtakiwa. Siri zao ni zao. Kaka mkubwa aliyeko Dallas anayetuma ada kila mwezi hana haki ya kudai aambiwe kijana alisema nini chumbani, wala kuamua kama akiri au akane.

Na msio na uwezo? Ibara ya 50 inaahidi wakili wa kulipwa na serikali pale ambapo kumkosa kungeleta dhuluma kubwa, na katika kesi za mauaji Mahakama Kuu humteulia mshtakiwa wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Kituo cha Sheria kimewahudumia maskini tangu 1973, na FIDA Kenya imewasaidia wanawake tangu 1985. Lakini mahitaji yanazidi mikono, na serikali inayopata pesa za kumshtaki mtu inapaswa kupata pia za kumtetea. Ahadi ya Katiba si sadaka.

Kuna haki nyingine inayosahaulika: kupewa mapema nakala za taarifa za mashahidi na ushahidi utakaotumika. Mahakama ya Rufaa ilisisitiza wajibu huo wa upande wa mashtaka mwaka 2008 katika kesi ya Thomas Cholmondeley, na Katiba ikauweka wazi miaka miwili baadaye. Kanuni iliyothibitishwa katika kesi ya mtu wa ukoo tajiri wa Delamere leo ni ya muuza mitumba wa Soko la Toi pia. Msikubali kesi ianze kabla ya kuzisoma.

Miaka, si wiki

Jiandaeni kwa safari ndefu. Monica Kimani aliuawa Septemba 2018 katika nyumba ya kupanga Kilimani. Uamuzi ulitolewa Milimani Februari 2024: Joseph Irungu akapatikana na hatia, na Jacque Maribe, aliyeshtakiwa pamoja naye, akaachiliwa huru. Zaidi ya miaka 5 ilipita, na kwa muda huo wote familia tatu ziliishi na kesi hiyo, ya marehemu na za washtakiwa wawili. Washtakiwa walisimama katika kizimba kimoja na mwisho wao ukawa tofauti kabisa. Ndiyo maana hakuna anayepaswa kutoa hukumu sebuleni kabla ya mahakama kuitoa.

Kwa hivyo jueni tofauti ya siku ya kutajwa na siku ya kusikilizwa, na zote aende. Akikosa siku moja, kibali cha kumkamata kinaweza kutolewa na dhamana ikapotea. Akiwa ndani, rumande ya Industrial Area kwa wanaume au Lang'ata kwa wanawake, pangeni zamu za kumtembelea, kila mtu na kitambulisho chake. Hakikisheni watoto wake wanakwenda shule na kodi ya nyumba inalipwa. Waambieni watoto ukweli kwa kipimo cha umri wao, kabla mwenzao hajawaambia uwanjani kwa kejeli. Na akitiwa hatiani katika korti ya hakimu, kumbukeni kwamba muda wa kukata rufaa ni siku 14. Familia nyingi huzimalizia katika kulia.

Na kama kweli ametenda?

Wahenga walisema mtoto akinyea mkono haukatwi. Methali hiyo inaamuru mkono usikatwe. Haisemi uchafu ufichwe. Kumpenda aliyekosa ni kumtafutia utetezi wa haki, kumtembelea, kumkumbusha kwamba maisha hayajaisha. Hapo ndipo wakili anaweza kuzungumza na upande wa mashtaka kuhusu makubaliano ya kukiri shtaka, au kuiomba mahakama kifungo cha nje chini ya uangalizi.

Kumpenda si kwenda usiku kwa aliyeumizwa na bahasha. Aliyetendewa naye ana familia, na Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 inampa haki ya usalama na ya kusikilizwa. Katika makosa madogo ya kibinafsi, kama kupigana, mahakama yenyewe inaweza kuhimiza upatanisho, na makubaliano yakapitia mbele ya hakimu. Lakini kesi za unajisi na ubakaji si za wazee kumaliza chini ya mti kwa mbuzi. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 haikuwapa jamaa uwezo wa kuziondoa. Familia inayomnyamazisha msichana ili kumwokoa mvulana imemtendea msichana huyo kosa la pili, na hiyo haitakuwa heshima ya ukoo hata ikiitwa hivyo.

Aibu ndiyo inayotushinda

Nairobi inajua kuchanga. Bili ya hospitali ikitajwa, kundi la WhatsApp hufunguliwa kabla ya machweo. Msiba ukitokea, majirani hulala matanga na kanisa huleta viti. Lakini mama ambaye mwanawe yuko seli za Kilimani hujifungia ndani. Hukosa chama kwa sababu hataki kuulizwa. Huenda Kibera asubuhi akiwa peke yake, bila mtu wa kumshikia nafasi kwenye foleni au kumsomea karatasi, na ni upweke huo wanaoutafuta matapeli wa kaunta na wa milango ya korti.

Aliyeshtakiwa hajahukumiwa. Hilo si neno la huruma, ni Ibara ya 50. Tukiliamini, tunapaswa kuitendea nyumba yake kama nyumba yoyote iliyopatwa na shida: mmoja akakae na watoto, mwingine amtafute wakili mwaminifu, wa tatu mwenye gari awapeleke, wa nne aketi tu kwenye benchi la korti hakimu aone kwamba mtu huyu ana watu. Jumapili hii, baada ya ibada au katika kikao cha chama, muulizeni yule mama ambaye hajaonekana mwezi mzima kesi itatajwa lini. Kisha pangeni nani atakwenda naye.